Muhuri wa Mwisho wa Wendelbrück

Kuna wanawake wanaogawana mume na mke mwenza. Mimi niligawana wangu na mji mmoja wa Ujerumani ambao hajawahi kuukanyaga. Mji wenyewe unaitwa Wendelbrück, uko mpakani, kando ya mto. Kila Jumapili tukitoka kanisani Léonard alikula haraka haraka, akanawa mikono kama daktari anayeingia kupasua mtu, kisha akaufungua mji wake juu ya meza yangu. Ole wako uweke bakuli la sombe, kisamvu chetu, karibu.

Mambo yalianzia Umbilo, mtaa mmoja wa Durban. Miaka ile Léonard alikuwa mlinzi wa mlangoni katika jengo moja la fleti, kabla hajapata kazi ya ghala kule Clairwood. Ghorofa ya pili aliishi Mzee Dieter, Mjerumani mjane aliyekuja Durban akiwa kijana na hakuondoka tena. Macho yake yalikuwa yameanza kumtupa. Siku moja alishuka ngazi na bahasha kuukuu mkono mmoja na kioo cha kukuzia mkono wa pili, akamwomba mume wangu amsomee tarehe. Léonard akamsomea. Kesho yake mzee akashuka na bahasha nyingine. Haukupita muda mrefu, Léonard ndiye akawa anapanda juu kila akimaliza zamu, na mimi huku nyumbani, Albert Park, napasha chakula mara ya pili.

Nilidhani wanakusanya stempu. Nilipolitamka hilo, mume wangu alinitazama kama niliyemwita Mungu kwa jina la kuku. Stempu hazikuwa na maana kwao. Walichotaka ni muhuri, ile duara ya wino ambayo karani wa posta huipiga juu ya stempu, yenye jina la mji na tarehe. Tena si mihuri ya dunia nzima. Ni ya mji mmoja tu, ule aliozaliwa mzee.

"Sasa katika mji mmoja unaangalia nini miaka yote?" nilimwuliza.

"Mji ni moja, Marcelline, lakini benye kuutawala ni wengi."

Akanionyesha, na nakiri kwamba nilikaa. Kulikuwa na muhuri wa enzi za mfalme, mdogo, umekaa kama kifungo cha shati. Baadaye ukaja wa dola kubwa, wenye nyota pembeni. Kisha ule wa wakati wa vita, wenye alama ya wale waovu, na baada yake muhuri ule ule ambao karani alikuwa ameukwangua alama hiyo kwa patasi, kwa sababu serikali ilianguka asubuhi na barua za mchana bado zilitaka kupigwa muhuri. Baada ya vita mto ukafanywa mpaka. Mji ukakatwa vipande viwili. Upande wa mashariki ukapewa Poland, ukapata jina jipya ambalo Léonard hulitamka kama mtu anayetafuna mfupa, na muhuri wake mpya. Upande wa magharibi ukabaki na jina la zamani, ukaongezewa tarakimu za posta. Serikali ikabadilika tena, tarakimu nazo zikabadilika.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Baba yangu alizaliwa mji huo ukiitwa Costermansville, akaoa nchi ikiitwa Zaïre, akazikwa ikiitwa Congo, na wakati wote huo hakuhama nyumba. Kwa hiyo nilielewa zaidi ya nilivyotaka kuonyesha. Nilisema tu kwamba sahani zinasubiri meza.

Nyumba ya kina Dieter ilikuwa upande wa mashariki. Alikuwa na miaka saba walipoambiwa watoke, akavuka daraja amekamata koti la mama yake. Hakurudi ng'ambo ile maisha yake yote. Kwanza walimzuia askari, baadaye viza, na mwisho viza haikuhitajika tena lakini miguu ikawa imekataa. Ndiyo maana alikusanya mihuri. Mtu aliyefungiwa mlango hukaa akichungulia dirishani, na mimi siwezi kumcheka kwa hilo.

Mzee alipolazwa, Léonard alikuwa akienda kumwona kila jioni, hata siku ambazo mimi nilikuwa nimechoka na nilimhitaji nyumbani. Huko hospitalini ndiko mzee alikomwambia habari ya dirisha la posta. Siku hizi barua za Wendelbrück hupigwa muhuri na mashine katika mji mkubwa wa mbali, na jina la mji wake halionekani popote. Lilibaki dirisha moja tu ambalo karani bado alipiga kwa mkono, na lilikuwa limetangaza kufungwa mwishoni mwa Juni. Mzee alijua hatafika Juni. Katika albamu alikuwa ameacha ukurasa mmoja mtupu, wa mwisho. Akamwomba Léonard apate bahasha moja yenye muhuri wa siku hiyo, aufunge mji. Mume wangu akamshika mkono, akaahidi.

Tulimzika Aprili. Binti yake alikuja kutoka Australia, mwanamke mpole, akampa Léonard albamu na kile kioo. Alisema baba yake asingependa vikae kwa mtu mwingine. Léonard alivibeba hadi nyumbani akitembea kwa miguu, maana aliogopa kwamba kwenye taxi watu wangemkandamiza.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alikuwa na nafasi moja, siku moja, mahali ambapo hana hata njia ya kufika. Na hapo ndipo alipoingia Carmel.

Carmel ni binti wa dada yake Léonard. Anasomea uuguzi Ujerumani, mwendo wa saa chache kwa treni kutoka mji ule, na anampenda mjomba wake kupita kiasi. Léonard alimtumia sauti kwenye simu, ndefu kama mahubiri. Anunue bahasha nzuri. Aandike anwani kwa mkono wake. Ndani atie kadibodi tupu ili isikunjike, aifunge. Aende dirishani siku ile ya mwisho, anunue stempu, abandike, aombe muhuri safi usiopakaa wino, halafu aiache isafiri. Carmel akajibu: "Bon, tonton. Nimesikia yote." Siku yenyewe ilipofika akatuma ujumbe mfupi: "Barua iko njiani, tonton. Tulia."

Léonard akatulia kwa namna yake, yaani alitembea huku na huko ndani ya nyumba yenye vyumba viwili. Alikwisha kukodi sanduku la posta kwa ajili ya barua hiyo, kisha Carmel alipomwuliza anwani akampa ya fleti vilevile, kwa wasiwasi. Nilimwambia barua haiwezi kuja haraka kuliko ndege. Alisema anajua. Nusu saa baadaye akaniuliza kama mtu wa posta hupita asubuhi au mchana, mtu ambaye miaka yote ya Durban sijawahi kumwona uso.

Haikupita hata wiki. Nilikuwa saluni, mikono imo ndani ya kichwa cha mteja, ndipo akaingia Tito. Huyu ni Mtanzania, mtu wa Mbeya, anaendesha lori la makontena kati ya Johannesburg na Clairwood, na ni mtu wa nyumbani kwetu, huniita kwa jina la mwanetu. Chini ya kwapa alikuwa na kanga iliyokunjwa.

"Mama Hardy, mzee yuko wapi? Nina mzigo wake kutoka Ujerumani. Nimeambiwa usikunjwe."

"Kutoka Ujerumani na lori?"

"Kwa ndege mpaka Joburg, na mama mmoja anaitwa Kidawa, jirani yake Carmel. Alikuwa anakuja kumwona mwanawe. Kutoka Joburg nimeubeba mimi. Nimeulaza kwenye kitanda cha lori, mimi nikalala kwenye kiti."

Ndani ya kanga mlikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko gazeti, ndani ya gazeti bahasha. Nyeupe, nyoofu, haina hata alama ya kidole. Nilifurahi hadi mteja wangu akalalamika. Nilimwambia Tito abaki, jioni ale kwetu, aone uso wa mume wangu.

Mnaelewa sasa kilichotokea, lakini mimi sikuelewa. Sisi na posta hatujuani. Posta inataka anwani, na anwani za watu kama sisi hubadilika kabla barua haijafika. Tangu Uvira kule Congo, tangu kambi za wakimbizi, kitu cha maana hupita mkono kwa mkono: dawa, picha za harusi, cheti cha shule, kitenge cha msiba. Unamtafuta anayesafiri, unamkabidhi, unampigia simu kila anapofika. Mtu akikupenda kweli hakuachii kitu chako posta. Mimi mwenyewe ningefanya vile vile alivyofanya Carmel, na ningejisifu.

Léonard alirudi, akaambiwa, akanawa mikono. Hakutaka hata kuketi. Alifungua kanga, mfuko, gazeti, polepole, Tito akitabasamu upande mmoja na mimi upande wa pili. Kisha akaishika bahasha mbele ya taa. Akachukua kioo, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu mno.

"Marcelline," akasema, "hii haina tampon."

"Haina nini?"

"Tampon. Muhuri. Hawakuipiga."

Nikatazama. Stempu ilikuwa pale pembeni, ua la manjano, imebandikwa sawasawa. Juu yake hapakuwa na duara wala jina wala tarehe. Carmel alikuwa amepanga foleni, amenunua stempu, ameibandika, kisha akatoka na bahasha mkononi akampa Kidawa, ili ifike salama. Nayo ilikuwa imefika salama kabisa.

Na dirisha lilikuwa limefungwa.

Tito ndiye aliyesema kwanza. Ni mtu wa kutafuta suluhisho. "Mzee, kuna jamaa hapa mjini anachonga mihuri ya raba. Mpe picha ya ule wa mwaka jana. Anabadilisha tarehe tu. Nani atajua?"

"Mzee Dieter atajua."

"Si amekufa?"

"Amekufa, ndiyo. Alikuwa anasema mwongo wa muhuri ni mubaya kupita mwizi wa muhuri, kwa sababu mwizi anakuachia ukweli." Alisema kwa upole, wala hakumkasirikia. Tito akaomba radhi, akala kidogo kwa heshima yangu, akaondoka na kanga ya Kidawa.

Nilikuwa na hasira, na nikikasirika huwa natafuta mtu. Nikachukua simu nimpigie Carmel. Léonard akanishika kifundo cha mkono.

"Wacha mutoto."

"Nimwache? Ulimweleza mpaka ulimi ukakauka. Muhuri, muhuri, muhuri. Hakusikia?"

"Alisikia. Lakini alipoishika mukononi alikumbuka vile tulimufundisha. Ni nani kwetu aliachaka kitu posta?"

Kisha akakaa. Hakulia. Ningependa angelia, maana kilio nakijua, nina dawa yake. Alikaa tu, na ukurasa mtupu mbele yake, akisema kwa sauti ya chini kwamba aliahidi, kwamba mzee alimwomba kitu kimoja katika miaka yote ile. Nilimhurumia. Nilikuwa nimeuonea wivu mji ule mara nyingi, na sasa ningeweza kupanda ndege mwenyewe, nikavunje mlango wa ile posta.

Nikaichukua bahasha ili nisimtazame yeye. Mwandiko wa Carmel ni wa mviringo, wa mtu aliyejifunza kuandika akiwa amechelewa na akaamua kuandika vizuri. Bwana Léonard Athanase. Namba ya fleti, barabara, Durban.

"Hii ndiyo ina jina lako," nikasema.

"Jina la nani lingine?"

"Hapana, sikiliza. Zile za albamu zote ni za akina nani?"

Akaanza kuhesabu bila kutaka: Bibi fulani muuza vifungo, mchungaji, afisa wa reli, msichana mmoja aliyekuwa akiandikiwa na askari. Albamu nzima ilikuwa barua za watu wengine. Yeye mwenyewe, barua zenye jina lake zilizomfikia katika nchi hii zilitoka ofisi ambazo zilitaka arudi tena na karatasi nyingine. Barua ya mtu anayempenda hakuwahi kupata hata moja. Wote walimpigia simu, au walimtuma mtu amsalimie.

"Basi ifungue," nikasema.

"Haifunguliwi. Bahasha ya albamu haifunguliwi."

"Hiyo ni ile yenye muhuri. Hii haina muhuri, umesema mwenyewe. Hii ni barua, na barua ni ya kusomwa."

"Ndani ni kadibodi."

"Fungua tuone kadibodi."

Akaenda jikoni akarudi na kisu kidogo cha vitunguu, ameshakipangusa. Akaikata kwa juu, taratibu. Hakukuwa na kadibodi. Kulikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa hadi zikawa ngumu. Alijaribu kusoma akashindwa, akanipa.

Carmel aliandika hivi:

"Tonton mupendwa, salamu kwako na kwa tante Marcelline na kwa Hardy. Ulisema nitie kadibodi. Nimeshindwa. Mutu hawezi kutumia mukubwa wake bahasha tupu, maman angenipiga. Niko nakaa kwenye benchi mbele ya posta. Muji ni mudogo, na leo mustari ni murefu, bamama ba hapa balileta keki kwa kuaga karani. Asubuhi nilienda kwenye daraja. Nilishika karatasi zangu zote mukononi, tayari kuonyesha. Hakuna mutu. Nikafika upande wa pili, nikasimama kidogo ili waniite. Hakuna mutu aliniita. Nikarudi. Alafu nikavuka tena, maana nilifikiri labda mara ya kwanza hawakuniona."

Hapo niliacha kusoma, kwa sababu mume wangu alikuwa ameweka mikono usoni.

Ni lazima niseme kitu kuhusu Uvira, kwao Léonard. Mto wetu pia ni mpaka, na ng'ambo ni Burundi. Siku za amani unavuka kwa jeton, kikaratasi cha siku chache, na unamwomba askari kana kwamba unamwomba mkwe. Mwaka wa kukimbia hapakuwa na jeton. Léonard alivuka asubuhi, na dada yake, aliyekuwa nyuma yake hatua chache na Carmel mgongoni, akarudishwa. Walikaa muda mrefu bila kila mmoja kujua kama mwenzake yu hai. Carmel hakumbuki lolote la siku hiyo, lakini alisimama kwenye daraja la watu akingoja kuitwa.

Léonard alipotulia, ndipo alipompigia simu yeye mwenyewe. Aliweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Carmel, ulivuka kweli?"

"Ee, tonton. Mara tatu."

"Umeandika mara mbili."

"Ya tatu ilikuwa kisha kufunga barua. Nilienda kununua mukate. Upande ule mukate iko bei ya chini, batu bote ba muji wanavukaka kwa ajili ya mukate. Bazee na vikapu, wanaenda wanarudi tu." Akacheka. Kisha akauliza, "Tampon ilitoka muzuri?"

Nilijua Léonard angeweza kudanganya, na nilikuwa tayari kumsaidia.

"Haikupigwa, mama," akasema. "Ulitoka nayo mukononi."

Tukamsikia anavuta pumzi, kisha akaanza kulia. "Tonton, niliharibu. Ulikuwa umeniomba kitu moja tu. Mama Kidawa alikuwa anasafiri kesho yake, nikasema Mungu ametusaidia, haitapotea."

"Haikupotea. Iko hapa."

"Lakini ahadi ya mzee?"

"Usilie. Carmel, unisikilize. Usilie." Na yeye mwenyewe machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. "Uniambie tena ile ya mukate."

"Ya mukate?"

"Ee. Polepole."

Akamwambia tena. Duka liko karibu na mwisho wa daraja. Foleni huanza mapema. Kulikuwa na mzee mmoja aliyemtangulia, ana fimbo, alivuka, akanunua mkate mmoja, akarudi kwao kunywa chai. Léonard alimwuliza mzee huyo alikuwa wa rika gani. Carmel akasema labda themanini na kitu.

Jumapili iliyofuata hakuvunja desturi. Alikula haraka, akanawa mikono, akafungua albamu ukurasa wa mwisho. Hakuweka bahasha. Aliweka zile karatasi mbili, zimefunguliwa, mwandiko wa Carmel ukisomeka chini ya plastiki. Nilimwuliza kama Mzee Dieter angekubali barua ya Kiswahili ifunge mji wake, akasema hajui, atakuja kumwuliza wakionana.

Chini ya kila ukurasa mzee alikuwa ameandika maelezo kwa penseli, mstari mmoja, mwaka na serikali na aina ya muhuri. Léonard alichonga penseli, akafikiri mpaka chai yake ikapoa, kisha akaandika kwa herufi ndogo za kufuata zile za mzee. Akanigeuzia albamu nisome. Alikuwa ameandika: "Juni. Hakuna muhuri. Watu wanavuka kununua mkate."